Mandhari ya Hisia

Ekspreshonizimu ni mkondo wa sanaa ambao hisia ya mchoraji ndiyo inayoshika usukani. Rangi na mistari hufuata kwanza jinsi kitu kilivyomgusa, ndipo zifuate kilivyo machoni. Edvard Munch wa Norway alikwisha kuipaka anga rangi ya damu mwaka 1893, lakini mkondo ulipata nguvu Ujerumani, vijana wa Dresden walipounda kundi la Die Brücke mwaka 1905. Emil Nolde, aliyepitia kundi hilo, aliichora Bahari ya Kaskazini kwa mawimbi mazito na mawingu yanayowaka.

Kwa Kiswahili napendekeza uchoraji wa hisia. Picha yake ya nchi kavu au ya bahari iitwe mandhari ya hisia. "Uchoraji wa kueleza" haufai, maana anayeeleza hutaka aeleweke, na mchoraji huyu anataka tuonje. "Dhahania" nayo ina kazi yake: ni picha iliyoachana na umbo la kitu. Mandhari ya hisia haijaachana na mahali pake.

Tuchukue Menengai, mlima ulio karibu na mji wa Nakuru, Kenya, inavyoonekana kutoka mtaa wa Kiamunyi. Mhalisia atachanganya kijani na kijivu, ailainishe miteremko kwa brashi, kazi iishe. Mchoraji wa hisia anajua kwamba hiyo ni volkeno, na kwamba mvuke wa chini yake unavunwa kwa ajili ya umeme. Basi hutandika wekundu kwanza, akaufunika kwa kijani, kisha akakikwangua kwa kisu cha rangi hadi wekundu uchungulie. Ziwa Nakuru pia limefurika tangu miaka ya 2010, na migunga ya ukingoni imefia majini ikiwa imesimama. Mhalisia ataipa urefu wake. Huyu wa pili anaweza kuirefusha ipite vilima, iwe mistari myeusi inayokata anga, na heroe wawe doa moja tu la waridi.

Hapo jirani, Naivasha, anaishi Sane Wadu, aliyezaliwa mwaka 1954. Alikuwa mwalimu na karani wa mahakama kabla ya kuushika uchoraji miaka ya 1980. Watu walipomwona kama aliyerukwa na akili, akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Huchora zaidi watu na wanyama, lakini rangi yake nzito na maumbo yake yaliyopindwa ni uchoraji wa hisia wenyewe. Mwaka 2022 kazi zake za miaka mingi zilionyeshwa Nairobi.

Istilahi hii isigeuzwe kichaka cha kufichia uzembe. Mlima uliopinda kwa sababu mkono haukuweza kuunyoosha haujawa wa hisia. Kipimo ni hiki: ondoa kilichotiwa chumvi, utazame tena. Menengai isipopungukiwa na kitu bila ule wekundu, basi wekundu ulikuwa pambo.