Askari na Raia katika Lamu

Mtu ashukaye gatini Lamu hatembei sana kabla ya kuiona ngome. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19, baada ya vita vya Shela, ili kuwalinda wenyeji na adui zao. Lakini tangu mwaka 1910 hata 1984 ilikuwa gereza. Hivyo jengo la kumlinda raia likageuka kuwa mahali pa kumfungia.

Polisi wa Kenya walianza mwisho wa safari hiyo, nao watakiwa kurudi mwanzo wake. Asili yao ni askari wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Kazi yao ilikuwa kulinda mali ya Kampuni. Mwaka 1920 wakaitwa Polisi wa Kenya. Wanahistoria waonyesha kuwa makoloni mengi ya Waingereza yaliiga kikosi cha Ireland: askari wakakaa kambini, wakashika silaha, wakamsikiliza mkubwa kuliko raia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Uhuru wa 1963 ulibadili bendera upesi kuliko mazoea.

Wala jambo hili si la Kenya peke yake. Katika miaka ya 1950, William Westley aliwachunguza polisi wa mji mmoja wa Marekani, akaona kwamba waliwadhania raia kuwa adui, na kwa hiyo wakafichiana makosa.

Hasara ya kutoaminiana Lamu yaijua. Usiku wa 15 Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, na kwa siku mbili watu zaidi ya 60 wakauawa, huko na katika vijiji vya jirani. Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ilichunguza, ikaona kasoro katika uongozi na ushirikiano wa vikosi. Mwezi wa Julai ikaja amri ya kutotoka usiku, na wavuvi wa usiku wakakosa riziki.

Basi na tufikiri. Mgeni apenyaye katika mikoko huonwa kwanza na nani? Huonwa na mvuvi. Mvuvi akimwogopa askari kama amwogopavyo mhalifu, atanyamaza. Naye akinyamaza, kituo kizima, pamoja na bunduki zake zote, huwa kipofu.

Katiba ya 2010 iliwaamuru polisi waheshimu haki za binadamu. Neno limekwisha andikwa. Iliyobaki ni tabia. Ngome ile sasa ni jumba la makumbusho, na mtoto wa Lamu huingia na kutoka apendavyo. Ikiwa kuta za mawe zimeweza kubadili kazi yao, mwanadamu hashindwi.