Nani Aliibeba Reli Yetu?

Timboroa, kwenye reli ya Nakuru kwenda Eldoret, kibao cha stesheni kinakwambia uko futi 9,001 juu ya usawa wa bahari. Ni sifa kubwa. Lakini kibao hicho hakikwambii ni mikono ya nani iliyopandisha vyuma hadi huko juu.

Sisi wa Mabanga, stesheni yetu ni Bungoma mjini. Reli yetu si ile ya kwanza inayosimuliwa sana shuleni. Ile ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901. Florence Preston, mke wa mhandisi, ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho, na jina lake bado linatajwa. Vibarua walioletwa kutoka India walikuwa takriban 32,000, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Hebu nitajie jina la mmoja tu.

Reli yetu ilichepuka Nakuru baadaye. Ilifika Eldoret 1924, na tawi la Kitale likafunguliwa 1926. Njia kuu nayo ilipita Webuye, enzi hizo ikiitwa Broderick Falls, ikashika Bungoma na kuvuka mpaka. Kufikia 1931 treni ilikuwa Kampala.

Kwa nini Kitale ilipewa tawi lake? Mahindi. Walowezi walikuwa wamechukua mashamba ya Trans Nzoia na walihitaji njia ya kufikisha mazao yao bandarini. Walihitaji pia watu wa kuwafanyia kazi. Mwaka 1919 Gavana Northey alitoa waraka ulioagiza machifu "kuwahimiza" vijana waende wakafanye kazi. Chifu wa enzi hizo akikuhimiza, unajua mwenyewe kama ulikuwa na nafasi ya kukataa.

Halafu kuna waliosema hapana. Wanandi walikata nyaya za simu na kubeba vyuma vya reli kwa miaka mingi. Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na hapo Richard Meinertzhagen akampiga risasi. Leo Koitalel ana kaburi la heshima na makumbusho Nandi Hills. Kwa hiyo tusiambiwe haiwezekani.

Mimi sipingi vibao vya injini, madaraja na vimo. Ninachopinga ni kibao kinachosema "reli ilijengwa" na kuishia hapo, utadhani ilijijenga. Mtoto wa Bungoma akisoma hivyo anaona reli ni zawadi tuliyoletewa. Hajui kwamba babu wa babu yake huenda alilipa kwa jasho, kwa shamba, au kwa vyote viwili.

Njia ya kisheria ipo. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inaruhusu jengo au eneo kutangazwa urithi katika gazeti rasmi la serikali, na Katiba ya 2010 imeweka makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti. Bungoma na Trans Nzoia hazina haja ya kungoja Nairobi iamke.

Ningeanza na vibao viwili, kimoja Bungoma na kingine Kitale. Kila kimoja kiwe na mistari mitatu, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji: treni ilifika lini, ilikuja kubeba nini, na nani waliifanyia kazi. Wazee wetu waulizwe kabla chuma hakijachongwa, maana majina mengine yamebaki vichwani mwao tu.