Mwahueni, si Manusura

"Huduma za unusurikaji wa saratani." Maneno haya yamepambwa juu ya kipeperushi kilichoandaliwa kwa ajili ya wauguzi wa Mbulu na Hanang', wanaowapokea watu waliorudi nyumbani baada ya kumaliza tiba. Nia ya kipeperushi ni njema na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kichwa chake, na wanakamati waliokipitisha wanajijua.

Nitaanza na sarufi, kwa kuwa wao hawakuanza nayo. Kunusurika ni kitenzi kisicho na yambwa. Ukisema unusurikaji wa fulani, huyo fulani ndiye aliyenusurika. Ndivyo ilivyo pia katika ukuaji wa mtoto na uchakavu wa nyumba. Kwa hiyo muuguzi wa Katesh anaombwa, kwa Kiswahili fasaha na kwa karatasi ya rangi, aisaidie saratani inusurike.

Watetezi wao watasema tulirudie basi neno "manusura", ambalo kila gazeti linalo. Hilo nalo tulichunguze. Mzizi wake ni wa Kiarabu, n-s-r, wenye maana ya kusaidia na kutia nguvu; humo tumepata nusuru, majina Nassor na Nasra, hata nusura ile ya "nusura agongwe". Mansur ni aliyesaidiwa akashinda. Ma- yake haina uhusiano wowote na ma- ya matunda na maembe, ijapokuwa nimewasikia wasomi wakitafuta umoja wake. Neno ni zuri, na Hanang' wanalijua kwa uchungu: tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliteremka kutoka mlimani vikaingia Katesh na vijiji jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Waliotolewa topeni wakaitwa manusura. Wengine waliwaita wahanga, nalo ni kosa jingine linalostahili makala yake, kwani mhanga ni ajitoaye, si achukuliwaye na tope.

Lakini maporomoko yana tarehe. Yalianza, yakaisha, na aliye hai asubuhi iliyofuata amenusurika bila ubishi. Saratani haina asubuhi ya namna hiyo. Aliyeondolewa titi pamoja na tezi za kwapani anaweza kuvimba mkono miezi au miaka baadaye, na mkono huohuo ndio wa jembe na ndoo. Dawa za dripu huacha ganzi vidoleni. Mionzi ya nyonga, inayotumika kwa saratani ya shingo ya kizazi ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, huweza kukatisha hedhi mapema na kuifanya ndoa iwe na maumivu yasiyosemwa mbele ya mama mkwe. Aliyetibiwa koo la chakula huenda likambana tena hata ugali usipite. Kuna uchovu usioondolewa na usingizi, kuna deni la nauli na matibabu, na kuna hofu inayopanda kila tarehe ya kliniki ikikaribia. Mwite mtu huyo manusura, na nyumba nzima itaelewa kwamba mambo yamekwisha: nauli ya kurudi hospitali za Moshi, Mwanza au Ocean Road haitengwi tena, na yeye mwenyewe ataona aibu kusema kwamba anaumwa.

Huko Marekani ambako dhana ya unusurikaji ilikopwa, daktari Fitzhugh Mullan, aliyekuwa mgonjwa wa saratani yeye mwenyewe, aliandika mwaka 1985 katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kuishi na ugonjwa huu kuna misimu mitatu, na kwamba mgawanyo wa watu kuwa waliopona na wasiopona hautoshi. Mwaka uliofuata chama kilichoundwa kwa ajili ya waliougua saratani kilihesabu kunusurika kuanzia siku ya kuambiwa una saratani. Wanakamati wetu walitafsiri neno bila kuisoma dhana.

Kuhusu "shujaa wa saratani" sitapoteza wino. Likiwa ndilo jina la aliye hai, aliyekufa tutamwitaje?

Neno ninalolitetea, na ambalo kikao kimoja kililicheka kabla ya chai na kulisahau baada ya chai, ni mwahueni. Limetoka kwenye ahueni, ambalo kamusi zetu zinalijua: hali ya mgonjwa kupata unafuu. Asili yake ni ahwan ya Kiarabu, yenye maana ya "jepesi zaidi". Hapa msomaji asimame kidogo. Umbo hilo ni la ulinganisho, ndugu wa akbar na wa afdal iliyotupa afadhali. Ahueni, basi, haidai kwamba ugonjwa umeondoka. Inasema leo ni nyepesi kuliko jana, na kwa hiyo inakubali kwamba kesho lazima ipimwe. Sijui neno jingine la Kiswahili lililobeba kliniki ya miezi mitatu mitatu ndani ya asili yake. Nafuu lingefaa, lakini wafanyabiashara wameshalichukua. Andika "kliniki ya nafuu" uone watu watakavyouliza bei. Na asiyependa maneno ya Kiarabu akumbuke kwamba saratani ni kaa kwa Kiarabu na kansa ni kaa kwa Kilatini, jina lililoanzia kwa waganga wa Kiyunani, naye Galen akasema mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe ilifanana na miguu ya kaa. Wanaogombana kama tuseme kansa au saratani wanagombania kaa mmoja.

Niliambiwa kwamba m- haiwezi kupachikwa kwenye nomino tupu. Aliyesema hivyo anatoka katika nchi yenye Mwafrika na Mwislamu, na kipeperushi chake kinakwenda kwa Mwiraqw. Niliambiwa pia kwamba neno ni gumu kwa watu wa huko. Huko Mbulu na Hanang', Kikushi cha Wairaqw kinakutana na Kiniloti cha Wadatoga, lugha za Kibantu za Wanyiramba na Wanyaturu, na Kihadza cha bonde la Yaeda kisicho na ndugu anayejulikana. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili, na ndicho kinachounganisha wodi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyopo tangu 1955. Muuguzi akiuliza "Ahueni ipo?" anajibiwa. Kikao kijaribu kuuliza "Unusurikaji upo?"

Tulishafanya kazi kama hii. "Mwathirika wa UKIMWI" aliachwa, akaja mtu anayeishi na VVU, na wenyewe wakajiita WAVIU. Hakuna aliyesubiri mhuri.

Matumizi ni mepesi: mwahueni, waahueni, matunzo ya ahueni kwa huduma yenyewe, daftari la ahueni kwa kumbukumbu za mkono, chakula, usingizi, ndoa na tarehe ya kurudi. Wingi uandikwe kwa a mbili. Nimeshaona rasimu yenye "mahueni", na naomba isihusishwe na jina langu.