Matarishi wa Tokaido na mshipi wa kampuni

Alasiri ya Aprili 27, 1917, wakimbiaji wawili walitimua mbio kutoka daraja la Sanjo mjini Kyoto, mmoja wa timu ya Kanto na mwingine wa Kansai. Mbele yao ilikuwepo Tokyo, zaidi ya kilomita 500, njia iliyokatwa vipande 23. Wenzao walipokezana mchana na usiku. Siku ya tatu Kanakuri Shizo wa Kanto akafika Ueno, ukingoni mwa bwawa la Shinobazu, akiwa wa kwanza.

Gazeti la Yomiuri ndilo lililoandaa mashindano hayo, kuadhimisha nusu karne tangu mji mkuu wa Japani uhamie Tokyo. Yakaitwa ekiden, na huo ukawa mwanzo wa mchezo huo.

Njia waliyoipita, Tokaido, ilikuwa na umaarufu wake tangu zamani. Mwaka 1601 mtawala Tokugawa Ieyasu aliagiza viwekwe vituo kati ya Edo, ndiyo Tokyo ya leo, na Kyoto. Mwishowe vikafika 53. Wasafiri wengi walikwenda kwa miguu. Mto Oi haukuwa na daraja, kwa hiyo watu walivushwa mabegani mwa wachukuzi. Barua nazo zilibebwa na matarishi: mmoja akikimbia hadi kituoni, mwenzake anaudaka mzigo na kuendelea.

Kanakuri alikuwa na deni na mbio ndefu. Katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912 joto lilimshinda katikati ya marathoni. Akiamini kwamba Japani ilihitaji wakimbiaji wengi wa masafa marefu, alishiriki kuanzisha ekiden ya Hakone mwaka 1920, kutoka Tokyo hadi milima ya Hakone na kurudi. Vyuo vinne ndivyo vilivyoshindana mara ya kwanza.

Makampuni hayakubaki nyuma. Ekiden ya kitaifa ya timu za kazini ilianza mwaka 1957, na tangu 1988 hufanyika mkoani Gunma kila Januari 1: karibu kilomita 100, watu saba kwa timu. Mkimbiaji ni mwajiriwa, ana mshahara wa mwezi na meneja wake. Familia zikiwa nyumbani kwa sikukuu ya Mwaka Mpya, jina la kampuni huonekana kwenye televisheni kwa saa kadhaa, kifuani mwa kijana anayehema.

Katika ekiden kinachopokezwa si kijiti bali mshipi wa kitambaa, unaovaliwa begani na kukatiza kifua. Anayekaribia mwisho wa kipande chake huuvua, huuzungushia mkononi na kumnyooshea mwenzake, ukiwa umelowa jasho. Timu ikichelewa kupita muda uliowekwa, anayesubiri huamriwa aondoke na mshipi mwingine. Anayekuja nyuma hufika na wake mkononi, wa kumpa hayupo. Wapo waliolia hadharani kwa jambo hilo.

Ajira hii ya timu za makampuni iliwavuta Wakenya pia. Douglas Wakiihuri alikwenda Japani mwaka 1983, akajiunga na timu ya S&B, watengenezaji wa bizari na viungo, na mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Roma. Samuel Wanjiru, mzaliwa wa Nyahururu, alipelekwa shule ya sekondari Sendai mwaka 2002, kisha akaajiriwa na Toyota Kyushu. Mwaka 2008, mjini Beijing, akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni katika Olimpiki, kwa saa 2:06:32.

Wingi wa wageni ulizua mjadala ndani ya Japani. Kuanzia 2009 ekiden ya Januari 1 iliwatengea kipande cha pili, kilomita 8.3, kifupi kuliko vyote, ili vipande virefu vibaki kwa Wajapani. Matokeo yake, kwa miaka kadhaa kipande hicho kilikuwa uwanja wa Waafrika, Wakenya wakiwa wengi, wakitimka kwa kasi ambayo timu nyingine zililazimika kuifidia baadaye kilomita kwa kilomita.