Mimea na Majina Yake ya Kilatini

Siku moja, nilipokuwa nikitembelea vijiji vya parokia, katekista mmoja aliyezaliwa mbali na pale alituma watoto wamtafutie majani ya dawa ya tumbo. Aliwatajia mmea kwa jina linalotumika kwao. Watoto walilisikia jina, wakalijua vizuri, wakaenda porini na kurudi na majani mikononi. Maji yalikuwa yamekwisha kuchemka wakati mama mzee mmoja alipopita, akatazama ndani ya chungu, akauliza: «Nani anataka kufa hapa?» Jina lilikuwa moja, kumbe mimea ilikuwa miwili. Watoto hawakusema uongo, na katekista hakukosa. Kila mmoja aliita mmea namna alivyofundishwa na wazee wake.

Jioni ile, karibu na moto, katekista aliniuliza: «Padri, ninyi mliosoma mnasema kila mmea una jina la Kilatini. Nani alitoa majina hayo? Na wazee wetu waliojua mimea hii kabla ya Wazungu kufika, je, majina yao si kitu?» Sikuweza kumjibu vizuri usiku ule. Ninajaribu hapa, mbele yenu ndugu zangu, kwa maana swali lake ni maswali mawili, na kila moja linastahili jibu.

I. Wakati wa majina marefu

Kitabu cha Mwanzo (2, 19-20) kinatuambia kwamba Adamu aliwapa wanyama majina. Juu ya majina ya mimea hakisemi neno pale. Kazi hiyo iliwabakia wana wake, nao waliifanya kila taifa kwa lugha yake. Ndiyo sababu ya chungu kile cha katekista.

Watu wa Ulaya walikuwa na taabu ile ile. Mmea mmoja uliitwa hivi na Wafaransa, vile na Wadachi, na hata kati ya Wafaransa kila jimbo lilikuwa na neno lake. Wenye elimu walitumia Kilatini, lakini Kilatini peke yake hakikutosha, kwa sababu kila mwandishi alitunga jina kadiri ya mapenzi yake. Mwaka wa 1623, Caspar Bauhin, mganga wa Basel, alitoa kitabu kilichokusanya karibu mimea 6,000, akaonyesha majina gani ya waandishi mbalimbali ni ya mmea mmoja. Ilikuwa kazi ya kusafisha nyumba iliyojaa.

Lakini jina la siku zile lilikuwa pia maelezo. Lilipaswa kusema majani yako namna gani, shina lina miiba au hapana, maua yamekaa wapi. Meli zilipoleta mimea mipya toka Amerika, Asia na Afrika, iliwabidi kuongeza maneno ili kutenganisha mmea na ndugu zake. Jina likafika maneno kumi na zaidi. Nani ataweza kulishika kichwani? Mtu anayemwita mwanawe hamweleze uso na urefu wake. Anamwita, naye anaitika.

II. Maneno mawili

Aliyepata dawa ya ugonjwa huo ni Carl Linnaeus, Mswidi, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti, aliyezaliwa mwaka wa 1707. Mwaka wa 1753 alitoa kitabu chake Species Plantarum, chenye aina karibu 5,900 za mimea. Aliacha maelezo marefu mahali pake, lakini pembeni ya kila mmea aliandika neno moja tu. Neno lile pamoja na jina la ukoo (genus) likawa jina kamili la aina (species). Tuangalie mfano wa bustani zetu: tomati ni Solanum lycopersicum, viazi vya Ulaya ni Solanum tuberosum, mbiringanya ni Solanum melongena. Neno la kwanza linasema ukoo, la pili linasema nani katika ukoo ule. Mwaka wa 1905, katika mkutano wa Vienna, wenye elimu ya mimea walikubaliana kwamba hesabu ya majina itaanza na kitabu hicho cha 1753. Majina ya zamani zaidi hayadai haki tena.

Kuita ni jambo moja, kupanga ni jambo lingine. Linnaeus alipanga mimea katika makundi 24, hasa kwa kuhesabu viungo vya kiume vya ua. Mwanafunzi aliweza kuhesabu mara moja na kujua kundi. Lakini kwa namna hiyo mimea isiyo na undugu iliwekwa pamoja, na ndugu wakatengwa. Ni kama kupanga watu wa kijiji kwa hesabu ya vifungo vya nguo zao. Mwaka wa 1789, Mfaransa Antoine-Laurent de Jussieu alipanga mimea katika jamaa kwa kuangalia alama nyingi pamoja. Tangu Darwin, mwaka wa 1859, watu walianza kuelewa kwamba neno «jamaa» si mfano tu, bali ni undugu wa kweli wa kizazi. Leo undugu huo unatafutwa ndani ya chembe za mmea, katika ADN. Kikundi cha wataalamu kilichoanza kutoa mpango wake mwaka wa 1998 kilihesabu, mwaka wa 2016, jamaa 416 za mimea yenye maua.

Tomati inatuonyesha namna kuita na kupanga vinavyofuatana. Mwaka wa 1754, Mwingereza Philip Miller aliitoa katika ukoo wa Solanum na kuipa ukoo wake peke yake, Lycopersicon. Vitabu vingi vilimfuata kwa miaka mia mbili. Mwishoni mwa karne ya 20, ADN ilionyesha kwamba tomati ni ndugu wa karibu wa viazi, ndani ya ukoo ule ule. Basi ikarudi nyumbani, na jina la Linnaeus likarudi pamoja nayo.

III. Sheria ya aliyetangulia

Na kama watu wawili wamepa mmea mmoja majina mawili? Mwaka wa 1867 mkutano wa Paris ulipokea sheria zilizoandikwa na Alphonse de Candolle wa Geneva. Sheria kubwa ni hii: jina lililotangazwa kwanza, kwa namna inayofaa, ndilo linaloshinda.

Nchi yetu imo katika mashauri hayo. Karibu na mwaka wa 1900, nyumba moja ya biashara ya mimea ya Brussels iliuza miche ya kahawa iliyotoka Kongo, ikaiita Coffea robusta, maana yake kahawa yenye nguvu. Ilipelekwa mpaka Java, ambako ugonjwa wa majani ulikuwa umeharibu kahawa nyingine, na kule ikasifiwa sana. Lakini mwaka wa 1897 aina ile ile ilikuwa imekwisha kutangazwa kwa jina Coffea canephora. Miaka mitatu tu, na robusta likashindwa. Wafanyabiashara wanaendelea kulitumia, lakini katika elimu canephora ndilo jina.

Sheria hii haiulizi kama jina ni zuri wala kama linasema kweli. Coffea arabica asili yake ni Ethiopia, si Arabia, lakini jina linabaki. Miti ya kinini, ambayo tunaiona katika mashamba ya Kivu, Linnaeus aliiita Cinchona kwa heshima ya mke wa mtawala wa Peru, Condesa wa Chinchón, aliyesemwa kuwa aliponywa na ganda lake. Wanahistoria wameikataa hadithi ile ya kuponywa. Tena Linnaeus alisahau herufi h ya kwanza. Mwaka wa 1874 Mwingereza Clements Markham aliomba irudishwe. Haikurudishwa. Mnaona: jina la mmea ni alama ya kuutambua, si fundisho juu yake.

Ili alama ishike, lazima ifungwe penye kitu. Kwa hiyo kila jina la aina linafungwa na kielelezo (typus), ambacho kwa kawaida ni tawi lililokaushwa, likabandikwa penye karatasi na kuwekwa katika nyumba ya majani makavu. Mtu akiwa na shaka, anarudi kwa kielelezo kile. Kutoka mto Kongo, vielelezo vya kwanza vingi vilikusanywa mwaka wa 1816 na Christen Smith wa Norway, aliyekuja na Kapiteni Tuckey. Wote wawili walikufa katika safari ile, lakini mimea ilifika London, na mwaka wa 1818 Robert Brown akatoa maandiko juu yake. Baadaye, Kisantu, Frera Justin Gillet wa Shirika la Yezu alikusanya maelfu ya mimea na kuituma Brussels, ambako Émile De Wildeman aliichunguza. Ukoo mmoja wa miti unaitwa Gilletiodendron, maana yake «mti wa Gillet».

Watawa wengine wanakumbukwa namna hiyo. Chai ya Kivu ni Camellia sinensis, na Camellia inatokana na Frera Georg Joseph Kamel, Mjesuiti aliyetunza dawa na kuchunguza mimea katika Manila mpaka kufa kwake mwaka wa 1706. Mti wenye maua meupe ya harufu nzuri, unaopandwa mara nyingi karibu na makaburi, ni Plumeria, jina la Charles Plumier, mtawa Mfaransa wa shirika la Waminimi.

IV. Kilatini kinachoishi

Wanafunzi wa Kilatini watapenda jambo hili. Huko Katanga kuna mmea mdogo unaoota penye udongo wenye shaba. Kwanza uliitwa Acrocephalus katangensis. Mwaka wa 1959 wataalamu wawili waliutoa katika ukoo ule na kuutia katika Haumaniastrum. Jina la pili likageuka mara moja kuwa katangense. Kwa nini? Kwa sababu Acrocephalus ni masculinum na Haumaniastrum ni neutrum, na adjectivum lazima lifuate. Kanuni mliyojifunza katika seminario ndogo inaamuru mpaka juu ya vilima vya shaba!

Tangu mwaka wa 1935 hapakuwa na jina jipya la mmea lililokubaliwa bila maelezo ya Kilatini. Mapadri walipoanza kusoma Misa kwa lugha za watu baada ya Mtaguso wa pili wa Vatikano, wenye elimu ya mimea walikuwa bado wanaandika Kilatini. Mkutano wa Melbourne wa mwaka wa 2011 ndio uliofungua mlango: tangu Januari 2012 maelezo yanaweza kuwa ya Kilatini au ya Kiingereza. Jina lenyewe linaendelea kuvaa nguo ya Kilatini.

V. Na majina ya wazee?

Sasa ninafika kwa swali la pili la katekista, lililo gumu zaidi. Linnaeus alifundisha kwamba majina ya ukoo yanayofaa ni yale yenye asili ya Kigriki au Kilatini. Mengine aliyaita ya kishenzi. Mwenzake wa wakati ule, Mfaransa Michel Adanson, alikuwa amekaa Senegal tangu 1749, akajifunza mimea kwa wenyeji. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1763 alitaka majina ya wenyeji yashikwe, na mti mkubwa ule, ambao Boma wanaonyesha mmoja wenye sifa, auite Baobab. Linnaeus aliuita Adansonia. Adanson alipewa heshima asiyoitaka, na jina alilolitetea likashindwa.

Sheria za leo hazikatazi neno la lugha yoyote, likivishwa umbo la Kilatini. Lakini sheria ya aliyetangulia inahesabu aliyeandika kwanza, si aliyejua kwanza. Wazee wetu walijua, wala hawakutangaza katika vitabu. Mara nyingi hata jina la kijana aliyeonyesha njia na kupanda mti kukata tawi halionekani penye karatasi.

Kuna jambo lingine. Nilisema kwamba jina ni alama tu. Lakini alama inaweza kuumiza. Mimea mingi ya kusini mwa Afrika iliitwa caffra, neno linalotokana na Kiarabu kafiri, ambalo kule liligeuka tusi juu ya mtu mweusi. Mwezi wa Julai 2024, katika mkutano wa Madrid, wataalamu walipiga kura: 351 walikubali kuligeuza, 205 walikataa. Mti wa maua mekundu Erythrina caffra ukawa Erythrina affra, maana yake wa Afrika. Majina zaidi ya 200 yaligeuzwa kwa kuondoa herufi moja. Waliokataa hawakuwa wote watu wabaya. Wengine waliogopa kwamba sheria ikivunjwa mara moja, hakutakuwa tena jina lenye kukaa. Ni hofu ya maana. Lakini sheria ilifanywa ili watu wasikilizane, na hakuna kusikilizana penye tusi.

Basi, ndugu katekista, nakujibu hivi. Jina la Kilatini halikuja kufuta jina la wazee. Linafanya kazi ambayo jina la kijiji haliwezi: kuwafanya mtu wa Moba, mtu wa Manila na mtu wa Brussels waseme juu ya mmea mmoja bila shaka. Na jina la wazee linafanya kazi ambayo Kilatini hakiwezi: linashika dawa, chakula, mwiko na hatari. Yote mawili yanafaa kuandikwa penye karatasi moja. Kata tawi lenye ua au tunda, likaushe kati ya magazeti, andika siku, kijiji, lugha, jina, na jina la mtu aliyekufundisha kama anakubali. Yangambi na Kisantu wanajua kutunza vitu hivyo.

Mama mzee yule wa chungu alijua mimea yote miwili: ule unaoponya na ule unaoua. Aliniambia majina yake usiku ule, nami nilicheka pamoja na wengine kwa kuwa hatari ilikuwa imepita, nikaenda kulala. Sikuandika neno, wala sikukata tawi. Nilipopita tena pale, walikuwa wamekwisha kumzika.