Bendi zilizopanda Kitonga

Kazi ya kupanua barabara ya Mlima Kitonga imelirudisha jina la Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima huo, vinywani mwa wasafiri, na kwa sababu ileile ya miaka yote: foleni. Malori ya Tunduma yakisimama, mabasi ya Mbeya, Njombe na Songea nayo husimama, abiria wakashuka kuchimba dawa na kununua vitunguu. Ndani ya basi, video ya bongo fleva inaendelea kuchezeshwa hata kama hakuna anayeitazama. Ni nani anayekumbuka kwamba muziki ulipita hapa ukiwa ndani ya magari, na wapigaji wenyewe wakiwa juu ya vyombo vyao?

Bendi yoyote ya dansi ya Dar es Salaam au Morogoro iliyotaka kuwafikia wapenzi wake wa Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya kwa barabara haikuwa na ujanja: lazima ivuke Mikumi, ishuke kwenye bonde la mibuyu, ifike mto Ruaha Mkuu, kisha ipande Kitonga. Hapa ndipo joto linapoishia. Aliyetoka Ilala na shati la mikono mifupi alikuwa na nafasi ya mwisho ya kulifungua begi lake.

Dansi lenyewe halikusubiri lami. Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na Salum Abdallah akaanzisha Cuban Marimba mjini Morogoro mwaka 1952. Wakati huo njia ya kwenda nyanda za juu ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya matope masika. Iliyoibadilisha ni siasa. Ian Smith alipojitangazia uhuru wake Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ikalazimika kutafuta mlango mwingine wa baharini, na malori ya mafuta yakaanza kuitafuna barabara hiyo usiku na mchana hadi madereva wa kigeni wakaiita njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968 lilipunguza mzigo wa mafuta, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikafika. Barabara ilijengwa kwa ajili ya shaba na petroli. Wanamuziki walidandia tu.

Ili kuelewa walivyodandia, nimetegemea sana maandishi ya John Kitime, mpiga gitaa aliyepitia Tancut Almasi na Vijana Jazz kabla ya kujulikana zaidi na Kilimanjaro Band, pamoja na yale ya mtafiti wa Kijerumani Werner Graebner, aliyezifuatilia bendi za Dar es Salaam katika miaka ya 1980. Ukiwasoma wote wawili unatoka na jambo moja: historia ya dansi ni historia ya vyombo, na mwenye vyombo ndiye mwenye bendi.

Gitaa la umeme, amplifaya, spika na saksafoni vilitoka nje ya nchi, na fedha za kigeni zilikuwa mikononi mwa Serikali. Mwanamuziki wa kawaida angezipata wapi? Ndiyo maana jumuiya na mashirika ya umma yakawa na bendi. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu mwaka 1964. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz ya kutangaza khanga na vitenge vyake. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, na kampuni ya mabasi ya jiji, UDA, nayo ikawa na bendi. Jeshi, Polisi na Magereza hawakubaki nyuma. Mpiga tarumbeta aliandikwa kazini kama karani, akapokea mshahara mwisho wa mwezi.

Kwa safari za bara mpango huo ulikuwa na faida isiyosemwa sana. Bendi ya shirika ilikuwa na gari la shirika, na ukumbi wa Makambako ukijaa nusu kwa sababu ya mvua, hakuna aliyelala njaa. Bendi ya mtu binafsi iliishi kwa hela ya mlangoni. Mlango ukiwa mbaya usiku mmoja, mafuta ya kwenda mji unaofuata hayapo. Visa vya bendi kukwama gesti, vyombo vikishikiliwa hadi deni lilipwe, vimejaa katika simulizi za dansi, na wanaovisimulia huvisimulia kwa kicheko. Sidhani kama walicheka siku ile.

Kisha mafuta yenyewe yakaadimika. Bei ya dunia ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, na kati ya hapo nchi ikaingia vita vya Kagera. Ilifika mahali magari ya binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali. Jumapili mchana ndio uliokuwa wakati wa bugi, dansi la vijana wasioruhusiwa kukesha. Bendi iliyopiga Iringa Jumamosi usiku ikitaka kuwa Mbeya kesho yake ilibidi iondoke alfajiri, au iwe na barua yenye muhuri.

Baridi nayo ilikuwa na yake. Ukipanda kutoka bondeni hadi Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa inawageuka wapigaji. Nyuzi za chuma za gitaa hukazika zikipata baridi na sauti ikapanda. Tarumbeta na saksafoni, hewa ya ndani ikiwa baridi, hushuka. Ngoma ya ngozi ikipata unyevu wa Mufindi hulegea. Kwa hiyo bendi yenye magitaa manne na safu ya wapulizaji, iliyokuwa imeshikana vizuri Dar es Salaam, inaanza usiku wake wa kwanza Mafinga kila kundi likivutia kwake. Wapulizaji walijipasha moto kwanza, ndipo wenye magitaa wakafunga nyuzi kuwafuata. Kwa mpenzi aliyelipa kiingilio yote hayo yalionekana ni kuchelewesha dansi.

Lakini ugomvi mkubwa wa vyombo ulianzia Dar es Salaam, na ni wa magari vilevile. Mwaka 1978 kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, iliamua kuwa na bendi. Ikawapata wanamuziki wa Dar International na wa JUWATA, jina jipya la NUTA, akiwamo Muhidin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka, Abel Balthazar na King Michael Enoch. Bendi ikaitwa Mlimani Park, mtindo wake Sikinde. JUWATA waliobaki wakashika mtindo wao wa Msondo. Tangu hapo nchi ikagawanyika, na nikisema nchi simaanishi Kariakoo pekee: Redio Tanzania ilirekodi bendi zote mbili, na aliyeko Mbarali alichagua upande kama aliyeko Magomeni.

Kampuni ya teksi ilikufa kabla ya bendi yake. Mwaka 1983 Mlimani Park ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, na wanamuziki wakabadilisha mwajiri bila kubadilisha nyimbo. Miaka miwili baadaye ikaja kashfa ambayo wazee wa dansi bado wanaizungumzia. Hugo Kisima, mfanyabiashara mwenye Orchestra Safari Sound, alivunja safu yake ya zamani, kisha akaenda kuwachota wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa mkupuo mmoja. Gurumo aliondoka. Bitchuka aliondoka. Balthazar aliondoka. Wakatokea upande wa pili na mtindo mpya, Ndekule, na vyombo vipya vya Kisima.

Wapo walioiita usaliti. Mimi naona walikuwa watu wazima waliochoka kuwa mali ya ofisi. Walizoacha Mlimani ni nyimbo zao wenyewe, kwa sababu wimbo ulikaa na bendi kama meza inavyokaa na idara. Fikiria maana yake kwa mpenzi wa mkoani. Redio iliendelea kumpigia sauti ya Bitchuka ikiwa na Mlimani Park, bango la ziara likaandikwa Mlimani Park, akalipa kiingilio, na mtu aliyeshika kipaza sauti si yule. Mlimani haikufa; ilijaza nafasi, Bitchuka mwenyewe akarudi baadaye, na Gurumo akamalizia maisha yake ya muziki Msondo, alikokuwa kabla ya Mlimani. Bendi ya Kisima ndiyo iliyozimika kwanza.

Nyanda za juu hazikuwa za kupokea wageni tu. Iringa ilikuwa na kiwanda cha kukata almasi, Tancut, na katika miaka ya 1980 kiwanda hicho kikawa na Tancut Almasi Orchestra. Waimbaji wake wawili waliojulikana zaidi, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, walikuwa mapacha wenye asili ya Zaire. Kitime alikuwa kwenye magitaa. Bendi hiyo iliushuka Kitonga badala ya kuupanda, ikaingia Dar es Salaam na nyimbo kama Nimemkaribisha Nyoka na Masafa Marefu, ikasikilizwa na watu ambao hadi hapo waliijua Iringa kwa mahindi na baridi yake. Kwamba kiwanda kilichosugua mawe ya thamani ya Mwadui kinakumbukwa na wengi kwa sababu ya magitaa ni jambo ambalo mkoa ungeweza kujivunia zaidi. Iringa ina makumbusho ndani ya boma la Wajerumani. Kona moja ya Tancut humo isingegharimu kitu.

Barabara nazo zilidai gharama zake. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyeifikisha Morogoro Jazz hadi Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70 kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973, naye alikufa kwa ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979. Mji mmoja, Morogoro, ukawapoteza vigogo wake wawili namna hiyo, na bado tunawaimbia wanamuziki kwamba kazi yao ni starehe.

Miaka ya 1990 mashirika yalibinafsishwa au kufungwa, na bendi zikaondoka nayo. Bongo fleva ilipokuja, msanii alihitaji kipaza sauti na diski tu. Leo nyota anaruka kwa ndege hadi Songwe, anapanda jukwaani uwanja wa Sokoine na kuondoka asubuhi. Hamjui muuza vitunguu wa Mbuyuni, wala bei ya vitunguu haibadiliki kwa hilo.

Msondo Ngoma, iliyokuwa NUTA kisha JUWATA, ilitimiza miaka 60 mwaka 2024 na bado inapiga. Sikinde nayo bado ipo. Kanda za Redio Tanzania zilizoirekodi kazi yote hii ziko mikononi mwa TBC, shirika la umma, na wenye mabasi ya Mbeya wana spika nzuri kuliko ukumbi wowote wa mwaka 1980. Katika foleni ya saa mbili chini ya Kitonga zingeenea nyimbo nyingi, na dansi moja lilikuwa refu: sehemu ya kuimba kwanza, halafu chemko, magitaa yakiachiwa yazungumze mpaka watu wasahau walikuwa wanaenda wapi.