Kivuli Kilichozaliwa na Kodachrome

Mwaka 1985, mjini Tehuantepec, Mexico, mpiga picha Alex Webb alipiga picha ya watoto wakicheza uani. Mvulana mmoja yuko mbele anazungusha mpira kwenye ncha ya kidole. Wenzake wametawanyika nyuma yake, wengine juani, wengine wamemezwa nusu na giza la matao. Kila nikiirudia picha hiyo, jicho langu huanzia kwenye giza.

Giza hilo lina historia, nayo inaanzia kwa wanamuziki wawili wa Marekani: mpiga piano Leopold Mannes na mpiga fidla Leopold Godowsky Jr. Inasimuliwa kwamba, kwa kuwa chumba cha kusafishia filamu hakikuwa na mwanga wa kuonea saa, walihesabu sekunde kwa kupiga mluzi wimbo wa Brahms. Kazi yao ikazaa Kodachrome, filamu ya rangi ambayo Kodak iliitoa mwaka 1935 kwa ajili ya sinema, na mwaka uliofuata kwa kamera za picha za kawaida.

Ilikuwa na rangi nzito za kupendeza, lakini yenye njaa kubwa ya mwanga. Mpiga picha wa mitaani ilimbidi afuate jua. Na akishalipata, lazima achague. Akipimia mwanga penye jua, kivuli cha barazani kinageuka masizi. Akipimia kivulini, ukuta wa nje unaungua na kuwa mweupe pe. Kodachrome ilikuwa filamu ya slaidi, na slaidi haikuwa na nafasi ya kusahihisha: kilichonaswa ndicho kilichobaki.

Ernst Haas, aliyetoka Austria, alifika New York mwaka 1951, na miaka miwili baadaye jarida la Life likampa kurasa 24 za picha zake za rangi za jiji hilo. Hata hivyo wakubwa wa sanaa waliendelea kuiona rangi kama mambo ya matangazo ya biashara. William Eggleston alipopewa maonyesho ya picha zake za rangi kwenye Museum of Modern Art mwaka 1976, wahakiki walimshukia vikali.

Webb naye mwanzoni alikuwa mtu wa nyeusi na nyeupe. Haiti, aliyoanza kuitembelea mwaka 1975, ilimwonyesha kwamba kijivu hakitoshi kuusimulia mtaa wenye kuta za rangi na jua lile. Mkazi wa Mombasa au Kigoma analifahamu: linapanda upesi, linazama upesi, na ule mwanga wa kulala unaopita chini ya mabati haukai. Kufikia mwaka 1979 alikuwa amehamia kwenye rangi. Akapimia jua, akakiacha kivuli kife. Kuitoa nusu ya picha namna hiyo kwahitaji moyo! Lakini kivuli kikawa mlango: mkono unachomoza, uso unakatwa katikati, nawe unabaki kujiuliza nani mwingine yumo mle ndani. Kitabu chake Hot Light/Half-Made Worlds, cha mwaka 1986, kimejaa milango ya aina hiyo.

Kodak iliacha kutengeneza Kodachrome mwaka 2009. Mwishoni mwa 2010, maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, ikaacha kupokea filamu hizo. Kamera za sasa zinaona hadi uvunguni. Lakini wapiga picha wengi wa mitaani, wakishafika nyumbani na kufungua kompyuta, hukikandamiza kivuli kwa mikono yao wenyewe mpaka kirudi kuwa cheusi ti.